Wifi wa Gari la Mikate

Fundi alikwenda safari kwa sababu godoro lilikuwa limekwisha kukatwa. Watu huondoka kwao kwa mapenzi, kwa ugomvi, kwa kutafuta maisha. Yeye aliondoka kwa ajili ya sifongo. Alikuwa fundi wa makochi, na sifongo ikishakatwa kwa kipimo cha gari haifai tena kitanda chochote cha nyumbani.

Gari lenyewe lilikuwa la mikate. Kiwanda kiliponunua mapya, kilimuuzia lile kuukuu dereva wake wa miaka mingi, mwanamke wa mwili na maneno, aliyejulikana mtaani kote kama Mama Mikate. Huyo ndiye wifi yake Fundi, dada wa mumewe. Wakaligeuza nyumba wote watatu: rafu za mikate zikawa kabati, Mama Mikate akafunga jiko la gesi, Fundi akashona godoro na mapazia, mume akatoboa dirisha. Mpango ulikuwa kuvuka mpaka, kuzunguka nchi za watu, kuegesha gari chini ya milima na kupanda kwa miguu, mabegi mgongoni. Kisha mume akapata mwingine, akatoa talaka, akaenda zake. Dirisha lake lilikuwa linavuja.

Tangu siku hiyo Fundi hakuwa na uchungu wala nafuu. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula akiambiwa ale. Mashangazi walikuja kumliwaza, wakakuta hana machozi ya kufutwa, wakaishia kunywa chai na kulalamikia joto. Mama Mikate yeye alitokea asubuhi moja, gari limeoshwa, akapiga honi.

"Haya, panda! Au tukae hapa mpaka tuote mizizi?"

Fundi akapanda.

Njia nzima Mama Mikate alisema peke yake. "Kaka yangu yule! Tumbo moja, lakini mimi nilichukua akili, yeye akachukua miguu." Kila baada ya maneno machache alimtazama Fundi kwa pembe ya jicho.

Fundi alijua anachosubiri. Zamani ilikuwa wifi huku, wifi kule, nipe chumvi wifi, leo una sura mbaya wifi. Tangu talaka Fundi hakuwa amemwita hivyo hata mara moja. Hakumkasirikia. Neno lilikuwa mbali tu, naye hakuwa na nguvu ya kulifuata. Na Mama Mikate hakuwa na mume wala mtoto, na kaka yake alikuwa amemwambia wazi kwamba akifuatana na mtalaka wake asikanyage tena kwake. Alikuwa amechagua. Sasa alitaka kujua kama naye amechaguliwa.

Kwenye kituo cha kutokea nchini, ofisa wa uhamiaji alifungua pasi zao. "Huyu ni nani wako?" akamuuliza Fundi.

Mama Mikate, ambaye kunyamaza kwake ni habari, akanyamaza. Fundi akafikiria maelezo yote yatakayotakiwa, akachoka kabla hayajaanza.

"Dereva," akasema.

Muhuri ukagongwa.

Baina ya kituo cha huku na cha kule kulikuwa na daraja, malori yakienda mwendo wa kinyonga. Mama Mikate aliendesha, macho barabarani. Sufuria ziligongana kabatini. Fundi aliitazama mikono ya mwenzake kwenye usukani, akangoja aone kama atajisikia vibaya. Hakujisikia chochote.

Upande wa pili ofisa alikuwa mwanamke, miwani kwenye ncha ya pua. "Nyie mnahusianaje?"

"Mimi dereva wake," alidakia Mama Mikate, upesi na kwa adabu, kama kibarua mbele ya tajiri. Hakumtazama Fundi. Alikunja mikono, na mwili wote ule ukawa mdogo.

Hapo kitu kikamchoma Fundi chini ya mbavu. Kiliuma vibaya sana. Alikuwa amesahau jinsi maumivu yalivyo.

"Mwongo huyo," akasema. "Ni wifi yangu."

"Mumeo yuko wapi?"

"Sina mume."

"Huna mume, una wifi?" Ofisa akavua miwani. "Dada, wifi hauzwi dukani. Umempataje?"

"Mume aliondoka. Wifi akabaki."

Ofisa alimtazama huyu, akamtazama yule, akagonga muhuri.

Nje, Mama Mikate alisimama kando ya gari akijifuta uso kwa mkono wa blauzi. Fundi alitaka kumshika, asijue aanzie wapi.

"Kule ng'ambo ulikuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao, wifi."

"Na ukasema dereva."

"Nikasema dereva."

Mama Mikate akamtupia funguo. "Basi dereva wako ameacha kazi. Endesha mwenyewe." Akazunguka, akapanda upande wa abiria.