Nusu ya Boriti

Patasi ya Wesonga ilizama ndani ya boriti hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, unga wa mchwa ulimmwagikia usoni. Alibaki juu ya ngazi, ameukabili ukuta, kama mtu aliyesahau alichopandia.

Kwa wiki tano alikuwa akilifufua zizi hili la kukamulia ng'ombe huko Karen, pembezoni mwa jiji. Sejal, mwenye shamba, alitaka liwe maktaba ya watoto. Wesonga alikuwa ameng'oa misumari yenye kutu, akarudisha milango kwenye bawaba, akapiga randa mbao za vihori vya kulishia mifugo mpaka zikanukia mwerezi tena. Ilibaki boriti hiyo, na paa zima lilikuwa limeilalia. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kesho yake alitakiwa kusafiri kwenda nyumbani Busia, maana Jumamosi wageni wangeleta mahari ya bintiye, Emmah.

Muema, msimamizi wa kazi, alipanda akalichungulia tundu.

“Mzee, jaza gundi na vumbi la mbao, upige rangi. Nani ataona?”

Wesonga alishuka, magoti yakimuuma kila kidato, akaenda kumweleza Sejal. Sejal aliuliza kama waitupe. Wesonga alisema hapana, nusu yake ilikuwa nzima. Angekata iliyooza, aunge mti mwingine kwa kiungo cha kupishana, ncha juu ya ncha. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Hakuna fundi mwingine pale aliyewahi kukata kiungo cha namna hiyo, na paa lililoegemezwa kwenye nguzo za muda haliachwi.

“Lakini si ulisema unaenda nyumbani?”

“Watoto wataketi chini yake, madam.”

Jioni alimpigia mkewe, Mercyline. Alimweleza habari za mchwa, nguzo, watoto. Mercyline alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nitawaambia wageni uko kazini,” alisema. “Ndivyo huwa nawaambia watu.”

Hakuwa na hasira. Wesonga angependa awe nayo.

Ijumaa alikata. Kiungo kilikataa kuingia. Akakipunguza, kikakataa tena. Alikaa kwenye saruji baridi kwa muda mrefu, msumeno mapajani, kisha akainuka, akakichonga upya mpaka kikaingia.

Jumamosi adhuhuri yeye na wenzake waliondoa nguzo za muda. Boriti ililia mara moja, ikanyamaza.

Wafanyakazi waliingia kukimbia jua. Nakhumicha, mama anayewauzia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, aliweka beseni lake chini ya kiungo kipya, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na kivuli kizuri. Watu waliketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakabishana kuhusu mpira. Hakuna aliyetazama juu.

Wesonga alisimama mlangoni na sahani yake.

“Kaa ule, baba,” Nakhumicha alimwambia, akimsogezea ndoo. “Itapoa.”

Aliketi. Saa hiyo huko Busia wageni wa Emmah nao walikuwa wakiketi. Sahani ilitulia magotini, mvuke ukimpanda usoni, na kijiko kilikuwa bado mkononi.