Makala Bila Tak Malrye

Kwanza Ban Hyerim alifuta jina lake mwenyewe, na hilo halikumuuma. Ndiyo desturi ya majarida: makala huenda kwa wakaguzi bila jina la mwandishi, wasije wakampendelea au wakamchinja kwa kumjua. Akafuta jina, akafuta chuo, akafuta shukrani kwa waliomsaidia. Pale alipotaja utafiti wake wa zamani akaandika "mwandishi mmoja", kana kwamba anamsengenya jirani. Kurasa thelathini na mbili juu ya wanawake waliotengeneza viatu katika viwanda vya Busan miaka ya sabini. Kazi ya miaka minne hiyo, na mwisho wa kuwasilisha ulikuwa leo, saa kumi na mbili jioni.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa Profesa Maeng, aliyemsimamia tangu uzamili na ambaye mpaka leo alimsomea kila kitu kabla hakijatoka.

"Hyerim, huyu Tak Malrye ndiye nani?"

"Yule bibi wa chumba cha gundi, Profesa. Ni jina lake halisi."

"Halisi? Una wazimu wewe? Kanuni za jarida zinasema majina ya bandia kwa washiriki wote. Wote, hata paka wao! Wakiliona hilo wanakurudishia leoleo, hawafiki ukurasa wa pili."

"Aliomba mwenyewe, Profesa. Fomu ya ridhaa ametia dole gumba."

"Fomu nani ataisoma? Mkataba wako unakwisha Februari. Bila makala mwaka huu, hawakuongezei hata muhula mmoja. Mtafutie jina zuri la kizee, umalize. Usinitie aibu."

Akakata. Profesa Maeng hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefika, na waliofika husahau njia ilivyokuwa.

Bibi huyo tangu ajifungue hakuna aliyemwita Malrye. Mtaani alikuwa Mama Gwangsu, sokoni Mama Gwangsu, kanisani Mama Gwangsu. Kiwandani alikuwa nambari mia mbili na kumi. Kisha Gwangsu akafa kwa pikipiki, kijana wa miaka ishirini na tatu, na watu, kwa kukosa jingine la kumwita, wakaendelea vilevile. Siku ya mahojiano ya tatu bibi alizima mwenyewe kinasa sauti kwa kidole chake kilichopinda.

"Kila anayeniita ananifukulia mwanangu," alisema. "Wewe mwalimu unaandika kitabu. Basi niandike mimi. Tak Malrye. Baba alinipa kwa hasira, maana nilikuwa binti wa tano naye keshachoka, lakini ni langu."

Hyerim alimshika mikono yote miwili akamwahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe, kama sote tunavyoahidi siku ambayo ahadi haitugharimu kitu.

Sasa akaiambia kompyuta itafute na ibadilishe. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Mahali arobaini na saba, Tak Malrye akawa Pak Sunja. Hyerim akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, na kila kitu kilikuwa sawasawa, sentensi zimenyooka, hoja imesimama. Hilo ndilo lililomtia uchungu hasa, kwamba bibi ameondolewa na makala haikuyumba hata kidogo.

Akachapa nakala, akabeba kompyuta, akapanda treni kwenda hospitali ya wazee alikolazwa bibi, kwani alikuwa amemwahidi kumsomea leo kabla hajaituma. Nitamweleza, ataelewa, alijiambia njia nzima.

Wadi ilikuwa na vitanda sita. Bibi alikuwa ameketi, nywele zimechanwa, midomo imepakwa rangi nyekundu kidogo nje ya mstari. Kutoka kitanda cha pili, Mama Yeongmi, kikongwe mwenye mdomo, akadakia kabla salamu hazijaisha.

"Umefika, mwalimu? Tuokoe! Tangu alfajiri hatulali humu, kitabu, kitabu. Utafikiri anaolewa."

"Wivu tu huo," bibi akasema. "Wewe nani atakuandika? Utaandikwa kwa kukoroma."

Wadi nzima ikacheka. Hyerim angesema nini, mbele ya rangi ile ya midomo?

"Nisomee, mwanangu. Kwa sauti, na huyu kiziwi asikie."

Akasoma. Kila macho yake yalipofika kwenye Pak Sunja, ulimi ukasema Tak Malrye. Akasoma jinsi Tak Malrye alivyopaka gundi soli mia nane kwa zamu, jinsi Tak Malrye alivyozimia kwa harufu ya gundi hiyo akaamka na kurudi mezani. Bibi alifumba macho. Kila jina lilipotajwa aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayehesabiwa naye yumo.

"Nionyeshe," bibi akasema mwishowe. "Nionyeshe lilipo, niliguse."

Hyerim alijua bibi hajui kusoma. Alikuwa ameliandika hilo mwenyewe, ukurasa wa nne. Akaweka kidole chini ya Pak Sunja.

Njia ya mwongo ni fupi. Bibi akainama, akatazama, akageuza karatasi kuelekea dirishani.

"Hili si langu."

"Bibi, si ulisema hujui kusoma?"

"Sijui. Lakini kadi zetu za zamu, zenye majina, zilitundikwa ukutani, mia tano na kitu, na kila asubuhi lazima upate yako upige mhuri, ukichelewa umekatwa mshahara. Miaka kumi na tisa, mwalimu. Hata gizani ningeijua." Akagonga karatasi kwa ukucha. "Huyu nani?"

Hyerim akamweleza yote: kanuni, wakaguzi, Februari. Alieleza haraka, uso umemwaka moto. Alitaka bibi amtukane. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na huyu Sunja yuko wapi?"

"Hayupo popote. Nimemtunga."

"Hayupo." Bibi akakunja karatasi mara mbili, akamrudishia. "Kumbe hata asiyekuwepo huandikwa."

"Bibi, nisamehe."

"Nenda, mwanangu, usichelewe. Kazi ni kazi." Akachukua kipande cha shashi akaanza kufuta midomo. Alifuta kwa bidii, rangi ikaenea mpaka kidevuni.

Hyerim alikaa kwenye benchi nje ya lango la hospitali, kompyuta mapajani. Angeweza kulirudisha jina. Ilikuwa kazi ileile ya muda wa kupiga chafya, na mara mbili aliliandika, Tak Malrye, mara mbili akalifuta. Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa akapakia makala ya Pak Sunja. Mtandao wa jarida ukaipokea, ukamfungulia ukurasa wa mwisho wenye kisanduku kimoja kitupu. Pembeni yake palikuwa na maneno: Nathibitisha kwamba washiriki wote wameridhia jinsi walivyotajwa katika makala hii. Bila alama hapo, makala haiendi.

Akayasoma tena, ingawa yalieleweka mara ya kwanza. Kisha akatia alama.