Aliyefungua Lango la Ravnsholt

Kwa miaka thelathini nimewatembeza wageni katika ngome ya Ravnsholt, na kwa miaka thelathini wamecheka palepale ninapotaka wacheke, langoni. "Hapa," nawaambia, "ndipo Mette mpishi alipowafungulia askari wa Uswidi waliotuvamia enzi zile, eti kaahidiwa pete." Hata kwenye kijitabu changu nimeiandika, na chini yake nikaongeza: nimezisoma mwenyewe hati za ngome.

Sikuwa nimezisoma. Hadithi niliitoa kwenye kitabu cha kasisi mmoja wa zamani, nikaona yatosha.

Tove, muuza mikate wetu, ni wa ukoo wa Mette. Kila akitoka mahali, hakosi mtu wa kumpigia kelele: "Tove, funga mlango!" Naye hucheka. Mimi nilidhani anacheka kweli.

Mwezi wa Machi alinijia nyumbani. "Mwalimu, nipeleke kwenye hizo hati. Mjukuu wangu kaanza shule juzi tu, jana karudi analia. Wameshaanza kumzomea na yeye."

Ningekataaje?

Katika nyumba ya nyaraka, mjini, mtunzaji aitwaye Solveig alituletea boksi. Ndani mlikuwa na bunda lililofungwa kwa utepe. Fundo lilikataa kulegea, ikabidi alichokoe kwa sindano. Utepe ulipotoka, uliacha mstari safi katikati ya vumbi.

"Ajabu," alisema Solveig. "Hili halijafunguliwa tangu siku lilipofungwa."

Akatoa karatasi inayokaa ndani ya kila boksi, ambapo kila msomaji huandika jina lake. Ilikuwa tupu.

Tove aliniangalia tu. Nikasema labda nilisoma boksi jingine, na hata mimi mwenyewe sikuyaamini maneno yangu.

"Haya, tusomee basi," alisema, akanisogezea ukurasa.

Mwandiko wa kale ule, herufi zimepinda kama kulabu. Sikuweza kusoma hata neno moja, kwa kuwa sijawahi kujifunza. Nikajifanya natafuta miwani, kumbe ninayo usoni.

"Lete hapa, Mwalimu."

Akaanza kusoma, polepole, kidole kikielea juu ya mstari. Majira mawili ya baridi alihudhuria darasa la jioni la mwandiko huo pale maktaba, nami nilikuwa nikimtania: "Vipi Tove, unga umekuchosha?"

Ulikuwa ushahidi wa mtunza farasi mbele ya hakimu. Aliyefungua lango ni msimamizi wa ngome. Mette, askari walimkuta amelikumbatia komeo, hataki kuliachia, wakamuua amelishika vivyo hivyo.

Tove aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Solveig akampa kitambaa.

"Andikeni majina," alisema Solveig.

Tove aliandika lake mstari wa kwanza. Nikaandika langu chini yake, na tarehe ya siku ile.

"Nitakiandika upya kijitabu," nilimwambia. "Jumapili baada ya ibada nitawaambia watu wote kwamba nilidanganya."

"Utawaambia. Lakini utaanza na mtoto."

Akavaa koti, akatoka wa kwanza, akauacha mlango wazi nyuma yake. Alipofika kwenye ujia akageuka. Safari hii hakucheka.

"Mwalimu," alisema, "funga mlango."