Breki ya Kukariri

...gari jeupe limeegeshwa, kibanda cha magazeti kinapita, nahesabu moja, mbili, breki, na gari hili la bandia lisilo na magurudumu linatetemeka na kutulia, skrini zote tatu kimya, "Safi sana, mzee," anasema binti wa mazoezi ya viungo, kalamu iko juu ya fomu yangu ya leseni, "leo mtoto umemwona mapema, mara ya kwanza ulimgonga, unakumbuka?", nakumbuka, nitasahauje, ila mtoto mwenyewe yuko wapi, tangu nipate kiharusi upande wa kushoto wa dunia haupo mpaka niutafute, geuza shingo, mzee, geuza tena... ah, yule pale, shati jekundu, mguu mmoja hewani, na mimi nimeshafunga breki kitambo, kwa kukariri, wiki ya tatu hii barabara ni ile ile, mtoto ni yule yule, hata mbwa wa kwenye kona nishamzoea, binti wa watu anadhani macho yangu yamepona, kumbe nimebukua kama mwanafunzi wa mtihani... miaka thelathini na moja ya malori, sijawahi kukwaruza hata kioo, ndivyo nilivyojigamba asubuhi ile mkono ukiwa umekufa ganzi, mke wangu ananiambia, "Baba watoto, mdomo wako umeenda upande, simama basi, nakuomba," nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Nani dereva hapa, mimi au wewe?", na ukuta ulikuwa mita mia mbili tu mbele, ningesimama, jamani, ningesimama tu, kiharusi kilikuwa changu, nyonga iliyovunjika ikawa yake, yeye alikosa nini... "Nisaini, mzee?", na nyuma yangu kiti cha plastiki kinalia, ndiye mke wangu huyo anajiinua kwa mkongojo, "Ameweza?", "Ameweza, mama, leo hajagonga kitu," "Basi Jumapili atanipeleka kwa dada yangu, nimechoka kubebwa na watu," na anacheka, kicheko hicho sijakisikia tangu siku ya ukuta, na atapanda kweli, namjua, atafunga mkanda, ataweka mkoba mapajani, hatauliza neno, mwaka mzima hajanilaumu hata kwa jicho, afadhali angenitukana, nikisema ukweli namkata kicheko, na funguo zinakwenda kwa mkwe wetu anayeendesha gari kama anasukuma toroli, nami nitakuwa abiria mpaka kaburini, nikinyamaza... nyamaza basi, mwanamume, umefaulu, kalamu imeshagusa karatasi, nyamaza tu... lakini usukani wa gari letu uko kulia, na mke wangu siku zote hukaa kushoto kwangu, na hata sasa amekuja kusimama hapo hapo, namsikia anahema, simwoni, binti, ngoja kwanza, usisaini.