Mate ya Mgeni Rasmi

Hatibu alikaa kwenye ukuta wa bwawa la Kiwanda cha Vifungo, juu kidogo ya Bigwa, akisugua dawa ya meno kwenye kioo cha miwani ya kuzamia. Miwani mpya huwa na mafuta ya kiwandani, na usipoyatoa, ukifika chini unapumua kidogo tu kioo chote kimeshika ukungu. Ukishasugua na kuosha, unatemea mate, unayasambaza kwa kidole, unasuuza kidogo, unavaa. Ndivyo alivyofundishwa jeshini, kwenye kikosi cha majini, kabla hajapunguzwa kazi.

Kiwanda kilikuwa kinauzwa, kama kila kitu mwaka ule. Mwekezaji alitaka kwanza aambiwe kwamba ukuta wa bwawa ni mzima. Furaha, dada yake Hatibu, naye alitaka kujua, kwa sababu nyumba yake ilikuwa chini ya ukuta huohuo, kwenye shamba waliloachiwa na mama yao, na sakafu ilikuwa inatoa maji tangu masika.

"Katazame vizuri, mdogo wangu," alikuwa amemwambia asubuhi. "Wanangu wanalala huku chini."

Hatibu alipoinamia miwani ateme, Athanas, katibu wa kamati ya uuzaji, alimshika bega.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Natema mate, mzee. Ili kisiingie ukungu."

"Shughuli ya kitaifa hii, halafu utangulie wewe kutema?"

Nchi yetu, jamani, hata choo cha shule hakiingiwi mpaka mgeni rasmi akate utepe. Watoto watabanwa, watacheza cheza pale mlangoni, lakini utepe kwanza. Kwa hiyo miwani iliwekwa kwenye sinia, juu ya kitambaa cha kufuma, ikapelekwa kwa Mheshimiwa Gabrieli aliyekuwa mgeni rasmi. Kipaza sauti kikatangaza kwamba sasa Mheshimiwa atatuzindulia mate. Mheshimiwa akamalizia soda, akakohoa, akatema. Yalikuwa mate mengi, mazito, ya mtu anayekula vizuri. Kinamama waliokodiwa wakapiga vigelegele.

Hatibu akazama. Kioo hakikushika ukungu hata kidogo. Maji ya bwawa lile ni tope tupu, lakini yeye aliona mpaka mwisho. Chini palikuwa na bustani ya maua, na maegesho ya magari, na mlinzi aliyempigia saluti. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, laini kama yai, bila doa. Akaupapasa. Mkono wake ukazama kwenye ule weupe mpaka kwapani, na maji upande wa pili yakauvuta.

Akaibuka. "Kwa macho ukuta ni mzima," akasema. "Lakini mkono wangu umeingia mpaka kwapani."

"Ulitumwa kutazama," Athanas akasema, "hukutumwa kupapasa."

Kipaza sauti kikatangaza kuwa ukuta ni mzima. Watu wakaenda kula pilau.

Wakati wanakula, Furaha alipanda kutoka kwake, akaifuta miwani kwa upindo wa khanga mpaka ile heshima yote ikatoka, akaitemea yeye. Hatibu akazama tena. Safari hii aliona tope, mizizi na ufa unaopanda kutoka kwenye msingi, mpana wa kupitisha bega. Ndani ya ufa aliona chumba cha dada yake: kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, sare za shule zimeanikwa kwenye kamba, na sufuria imeelea chini ya meza. Akatazama kwa muda, kisha akapanda kumwambia Athanas.

Athanas alikuwa anamalizia paja la kuku. "Umeona kwa mate ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Ana cheo gani?"

"Hana."

"Basi hakuna ulichoona, bwana. Kanawe ule."

Hakuna aliyebisha. Wahandisi wawili walikuwepo pale, na suti zao, na shahada zao, wakaulizana kama pilipili imebaki. Watu ovyo kabisa. Mbuzi akiona zizi linaanguka hulia. Hawa walinyoosha sahani.

Kiwanda kikauzwa. Mwekezaji aling'oa mashine za vifungo akaziuza kama vyuma chakavu, mabohari akayajaza mitumba kutoka Ulaya, ambayo huja na vifungo vyake. Wafanyakazi walipewa fulana za kuagia. Furaha alimwomba mwenyekiti wa mtaa, akamwomba na diwani. Wote wawili walimjibu kwamba ukuta ule ulishatazamwa. Akaongeza tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda.

Mwaka uliofuata ukuta ulitakiwa kutazamwa tena. Sinia likaletwa, na kitambaa chake. Mheshimiwa Gabrieli, ambaye sasa alikuwa amenenepa zaidi, akatema. Vigelegele vikapigwa.

Kabla ya kuzama, Hatibu aligeuka, miwani ikiwa usoni, akatazama chini upande wa Bigwa. Palikuwa na majani mazuri ya kijani, yamekatwa sawasawa kuanzia chini ya ukuta mpaka barabarani. Hapakuwa na nyumba wala mgomba.

Akainua miwani. Furaha alikuwa mlangoni kwake, anachota maji ya sakafuni kwa sufuria na kuyamwaga nje, huku mtoto wake mdogo amekaa juu ya meza. Alipomwona mdogo wake juu ya ukuta akampungia mkono.

Hatibu akaishusha miwani. Majani.

"Vipi," Athanas akauliza, "kuna ukungu?"

"Hakuna," alisema Hatibu. "Kweupe kabisa."

"Basi zama upesi. Mheshimiwa ana njaa."