Mwaka wa Ufagio

Mimi nikikasirika sinyamazi, mtanisamehe. Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja, alinigeuka mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, kipaza sauti kikiwa mkononi mwake. Nitasimulia yote kama yalivyokuwa, pamoja na mwisho wake, ingawa mwisho wenyewe sikuupenda.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na geti la kanisa, na waumini wengi nawajua kwa soli zao. Mchungaji hula kisigino cha kushoto. Mama wa kwaya huleta viatu vilevile kila mwezi, anadai gundi yangu ni mbovu, kumbe miguu yake ndiyo haina breki akiimba. Shemeji hajawahi kuniletea kiatu hata siku moja. Yeye ni msimamizi wa ghala la magodoro, hufunga tai hata Jumamosi, na kiatu kikichoka ananunua kingine.

Kanisani kwetu mtu hawi mzee wa kanisa kwa kuvaa suti. Mchungaji wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, aliacha sheria moja na hakuna aliyethubutu kuigusa: anayetaka kiti cha mbele, ashike ufagio mwaka mzima. Kila Jumamosi afagie ukumbi, apige deki, asugue vyoo viwili, apange viti, ajaze pipa la maji stoo. Peke yake, bila kutangazwa. Mwaka ukiisha anasimikwa Jumapili ya Matawi, na Alhamisi inayofuata anawaosha waumini miguu, kwa maji ya lile pipa, kwa beseni analolitoa mwenyewe stoo. Ndiyo desturi yetu.

Nami niliutaka uzee huo. Sitajifanya mtakatifu. Miaka kumi na minne nimekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, maana watu hudhani fundi viatu lazima anuke gundi. Nilitaka siku moja mchungaji aseme, "Mzee, karibu mbele," na watu wageuze shingo.

Basi mwaka juzi nafasi ikawa moja, na jina lililopita likawa la shemeji. Alikuja kibandani, akakaa kwenye stuli ya wateja, akapanguza suruali kabla hata haijachafuka.

"Shemeji," akasema, "Jumamosi ghala linanibana kooni. Nishikie ufagio."

"Nishike ufagio, wewe ukae kiti? Thubutu!"

"Nisikilize kwanza. Siku ya kusimikwa nitasimama niwaambie wote kwamba kazi ilikuwa yako. Mwakani mzee mwingine anastaafu. Mwaka wako utakuwa umeshahesabiwa, unapita moja kwa moja."

"Na mchungaji je?"

"Mchungaji Jumamosi yuko kwenye harusi au mazishi. Anachokiona yeye ni ukumbi msafi." Kisha akanishika bega. "Mtumishi wa kweli ni wewe, shemeji. Mimi ni wa jina tu."

Kilemba cha ukoka hicho, na mimi nikakivaa, kikanikaa vizuri. Hatukuandikiana. Huyu ni mtu tuliyekula naye, tukauguziana watoto, niliyemkabidhi dada yangu. Nani anamwandikisha shemeji yake?

Nikaanza. Sijui kama umewahi kusugua choo cha watu mia mbili, lakini nakwambia, dawa ile inapanda puani mpaka unamwona Musa. Mlango wa stoo nao ulikuwa mkorofi. Kama hukuunyanyua kwanza kwa kitasa, ufunguo hauzunguki. Niliujua mlango ule kama ninavyoijua sindano yangu. Baadaye mgongo ukanisumbua kidogo, halafu Jumamosi ndiyo siku ya wateja, basi mke wangu akanishikia wiki mbili tatu. Nyumba moja, kazi moja. Mwaka ukaisha.

Jumapili ya Matawi nilivaa shati jeupe. Nilimwambia mke wangu, "Leo utasikia jina la mumeo." Akanitengeneza kola tu.

Shemeji akasimama mbele, akaangalia viganja vyake muda mrefu. Lo! Yule mtu angeweza kuigiza. "Wapendwa," akasema, "kwa mikono hii nimesugua vyoo. Kwa magoti haya nimepiga deki. Jumamosi nyingine nilikuwa nalia peke yangu humu ndani, na Bwana alikuwa ananifundisha kushuka." Sauti ikamkatika. Kina mama wakatoa leso. Dada yangu alikuwa analia kwa fahari. Nami nimeketi nyuma, nasubiri, nasema moyoni sasa ananitaja, sasa hivi ananitaja. Akarudisha kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, na haki ya Mungu, mikono yangu nayo ikapiga.

Nilimfuata nje, nyuma ya ukuta. "Shemeji, vipi?"

"Pale mbele maneno yalinipotea."

"Yalikupotea? Mbona ya magoti uliyapata?"

Akatazama huku na huku. "Sasa nikisema, si tutaanguka wote wawili? Tulia. Mwakani chukua ufagio wako, kazi si unaijua?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliumia, jamani. Ningeibiwa na mtu baki ningelala usingizi. Huyu amekula mezani kwangu, anajua nilivyokuwa nikikitamani kiti kile, na ndiyo maana alijua pa kunishika. Siku nne nilifoka nyumbani. Nilifoka wakati wa chai, nikafoka nikivua viatu. "Mwaka wangu! Kaninyang'anya mwaka wangu! Jasho la mtu mwingine anajipaka usoni!" Mke wangu alikuwa anakunja nguo, hakusema neno. Nikadhani uchungu wangu umemkaba na yeye.

Alhamisi saa kumi tukakaa mviringo, miguu wazi, viatu chini ya viti. Shemeji amejifunga taulo kiunoni juu ya suruali iliyopigwa pasi. Mchungaji akasema, "Mzee, tuletee maji."

Shemeji akaenda stoo, ambayo mlango wake uko pembeni mwa ukumbi, kila mtu anauona. Akatia ufunguo. Akazungusha. Ng'o! Akautoa, akaupuliza, akautia tena. Mama wa kwaya akaanzisha wimbo kumsaidia, ukaisha, akaanzisha mwingine. Jasho likaanza kumtoka shingoni. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani hajui kufungua?" na mama yake akamziba mdomo.

Mimi nilikuwa nimekaa kimya, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nilitamani wimbo uishe ili asikike akihangaika. Dada yangu ndiye aliyenitazama, macho yameiva, hajui kitu maskini, anaona tu mumewe anaaibika. Nikasimama. Msifikiri ni huruma. Nilisimama polepole ili wanione vizuri, fundi viatu wa safu ya nyuma, kwamba ndiye anayeujua mlango huu.

"Nipishe, mzee," nikasema kwa sauti ya kusikika.

Nikashika kitasa, nikaunyanyua, nikazungusha ufunguo.

Haukuzunguka.

Nikanyanyua tena, kwa nguvu. Nikatia bega. Ala! Nikamsikia shemeji akinong'ona, "Shemeji, vipi?" kwa maneno yaleyale niliyomuuliza Jumapili. Watu wameacha kuimba. Nikawa nazungusha ule ufunguo kama mlevi aliyekosea nyumba.

Kisha nikasikia miguu mitupu ikija sakafuni nyuma yangu.

"Nipisheni," akasema mke wangu.

Hakuunyanyua. Alivuta ufunguo nje kidogo, akaweka goti pale chini kwenye kona, akasukuma, na mlango ukafunguka bila kelele. "Tangu mvua zile umevimba," akaniambia taratibu. "Kwa kitasa haufunguki tena."

Mvua zile zilinyesha miezi kumi nyuma.

Ndani pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Ufagio umening'inizwa, brashi zimeoshwa, na kwenye msumari gauni lake kuukuu la kazi, lile nililodhani alishaligawa. Chini yake zilikuwa ndala zake. Fundi mwenzangu angeelewa. Soli ya kulia imelika mpaka imetoboka, kamba imefungwa kwa waya. Alikuwa ameziweka kibandani kwangu siku za mvua, nikamwambia acha, nitazishona wateja wakipungua. Akaja kuzichukua mwenyewe, sikumbuki hata lini. Na mimi nilidhani nimesaidiwa kazi ile wiki mbili tatu.

Mchungaji alikuwa amesogea. Akamtazama shemeji, akanitazama mimi, halafu akamuuliza mke wangu, "Mama, Jumamosi ni wewe?"

"Tangu mvua, mchungaji. Kabla ya hapo alikuwa mume wangu." Akateka maji, akamkabidhi shemeji beseni mikononi. "Angalia, limejaa."

Akarudi kukaa. Hakutaka kitu kingine, na mchungaji naye akasema tu tuendelee. Shemeji akapiga magoti, akaanza kuosha. Hakuna aliyetoa leso. Alipofika kwa mke wangu niliona visigino vyake. Vimepasuka, vimechunwa na dawa ya choo, vyeupe pembeni. Nimelala kitanda kimoja na miguu ile.

Mke wangu akairudisha nyuma chini ya kiti. "Yangu imeshashinda majini mwaka mzima, shemeji," akasema. "Mwoshe huyu."

Basi akaniosha mimi. Aliosha bila kuinua uso, nami nikatazama ukutani.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mimi ndiye niliyebeba zile ndala. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia, mpaka tukafika kwenye kona yetu, nikasema, "Mama watoto, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Jumapili. Zile siku zote ninafoka."

"Uliporudi Jumapili unapiga kelele kwamba mtu kakunyang'anya mwaka wako," akasema, "mwanzoni nilidhani unatania. Nikasubiri ucheke."

Sikucheka. Nikazigeuza zile ndala, nikapima tundu kwa kidole gumba, maana mikono yangu haijui kufanya kingine. "Nitazishona," nikasema. "Nitaziwekea soli mpya kabisa."

"Zishone kesho, basi," akasema, akifungua mlango. "Kesho kutwa ni Jumamosi, nitazihitaji."