Koti la Bwana Posta

Kitabu kilikuwa chini, kimeegemezwa mlangoni ili upepo usiubamize. Unene wake uliitosha kazi hiyo. Fundi cherehani alipokiona pale aliona haya, maana ni yeye mwenyewe aliyekiweka. Alikiokota, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati.

Mwandishi wake hakuwa mtu wa kufanyiwa hivyo. Zamani, fundi alipokuwa akijifunza kusoma katika madarasa ya jioni, vidole vikiwa na alama za sindano, kitabu cha kwanza alichokimaliza bila msaada wa mtu kilikuwa cha mwandishi huyo. Humo alikuta watu wenye mikono ya kazi wameandikwa kwa heshima. Hata maneno ya kumposa mkewe aliyachota humo, naye alikubali kabla fundi hajafika nusu. Kisha mwandishi akazeeka, akaandika riwaya hii ndefu, akafariki. Hakutakuwa na nyingine.

Na fundi alikuwa amekwama katikati yake. Ndugu wa riwayani walikaa sebuleni wakigombea shamba, sura baada ya sura. Bibi mmoja alikuwa ameletewa habari ya kifo cha mumewe kwa mara ya pili, akalia upya kana kwamba hakuwahi kuisikia.

Kinyozi wa chumba cha jirani alichungulia dirishani. "Mzee, hicho kitabu unakisoma au unakiatamia?"

"Nasoma taratibu. Wewe kanyoe watu."

"Nanyoa. Lakini mimi kichwa nikikianza nakimaliza."

Fundi alicheka, ila maneno yale yalimkaa rohoni. Mchana alimfuata mkewe jikoni, akavuta kigoda.

"Kile kitabu nakirudisha kabatini."

"Umekimaliza?"

"Kimenishinda." Neno lilitoka kwa shida. "Mzee wa watu alikuwa amechoka. Anarudia mambo, anaanza jingine analiacha njiani. Na mimi nikimwacha, naona kama namtupa."

Mkewe aliendelea kumenya viazi. "Unalikumbuka koti la bwana posta?"

Angelisahau vipi? Ndilo koti la mwisho alilolishona kabla ya kuweka mkasi chini. Mteja wake wa miaka mingi, aliyekuwa akigawa barua mjini, alilivaa kwenye harusi ya bintiye.

"Lilikuwa koti zuri," alisema.

"Zuri, ndiyo. Mkono wa kushoto ulizidi urefu, baba."

"Nani kasema?"

"Macho yangu. Hukumwona siku ile? Mkono ule aliukunja tangu asubuhi mpaka wageni wanatawanyika. Anapiga picha, kaukunja. Anacheza na binti yake, kaukunja."

"Nilimwuliza. Aliniambia kiwiko kimeteguka."

"Kimeteguka wapi! Kesho yake nilimkuta sokoni kabeba kikapu kwa mkono uleule."

Fundi aliinamisha kichwa. Kwanza ilimjia aibu, moto masikioni. Alikuwa fundi wa kujisifu, na kujisifu kwake hakukuwa kwa bure.

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniomba nisikuambie. Alisema, 'Shemeji, huyu bwana amenivika maisha yangu yote. Mimi kumsitiri siku moja tu kutanishinda?'"

Fundi aliuona tena ukumbi ule wa harusi, na mtu aliyevaa kosa lake tangu asubuhi, akitabasamu. Aibu ilipoa polepole, na mahali pake pakabaki kitu ambacho hakukipatia jina, ila kilimlegeza kifua. Alichukua kisu cha pili, akamsaidia mkewe kumenya.

Asubuhi alivaa miwani, akakaa dirishani, akafungua pale bibi alipoletewa habari mara ya pili. Safari hii hakuona uzembe. Aliona bandi, ile mishono ya muda ambayo fundi huitoa nguo ikikamilika, imebaki kwa sababu mkono uliopaswa kuitoa ulikuwa umechoka. Hakuruka ukurasa. Ugomvi wa shamba aliusoma neno kwa neno. Katikati ya ugomvi, bila kutarajia, alikutana na sentensi moja ya enzi zile, iliyonyooka na kutulia, akaisoma kwa sauti.

"Rudia," mkewe alisema kutoka jikoni.

Akarudia.

Kinyozi alipita na ndoo yake ya maji. "Bado tu, mzee?"

"Bado," fundi alisema, akafunua ukurasa.

Kitabu kilikuwa kimelalia mkono wake wa kushoto, nao ulikuwa umeanza kuuma. Hakuunyoosha.